Shavu la Kushoto la Tasi

Mtwara, Jumamosi, mwezi wa nane, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Sauda,

Leo nina miaka hamsini na tisa tangu nitoke kwetu mara ya kwanza, na kumi na miwili tangu nitoke mara ya pili. Mtu akiniuliza niko huku muda gani, sijui nianze kuhesabu kutoka wapi. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa, vita vya kumtoa Mreno vimefika kwetu, na bibi yangu alinishika mkono tukavuka Ruvuma. Mara ya pili niliondoka kwa hiari, nimekaa mbele kwenye gari la watu wa utafiti, na hakuna aliyenifukuza. Barua hii inahusu hiyo mara ya pili.

Mambo ya safari yako na mwenzako kwenda kwetu mama yako ameshayasema, na najua atayarudia kesho mpaka pantoni ya Kilambo iondoke. Mimi nina jambo moja tu. Tangu Jumatatu nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza uliniletea chai nikasahau nilipoanzia. Mara ya pili nilianza kukueleza habari za formalini, ukacheka, ukasema, "Baba, hiyo tulisoma mwaka wa kwanza." Mara ya tatu sikuanza kabisa.

Unaikumbuka hiyo Jumatatu. Uliweka kompyuta yako juu ya meza ya kulia, ukaniita kwa sauti ya furaha.

"Baba, njoo uone. Chuo wamenitumia picha za zamani. Huu si mwandiko wako?"

Nilivaa miwani. Alikuwa samaki mmoja, tasi, amelazwa juu ya kitambaa cheupe, rula chini ya tumbo lake, na kipande cha karatasi chenye namba na herufi E, yaani upande wa kushoto kwa Kireno. Namba ilikuwa na saba mbili, zote zimekatwa mstari katikati. Ukasema hakuna mtu mwingine duniani anayeikata saba kwa hasira namna ile.

Mama yako alichungulia kutoka jikoni. "Kumbe huko ulikuwa unapiga picha samaki? Nami nikiwaambia watu mume wangu yuko kazini!"

Mkacheka wote wawili. Halafu ukasema maneno ambayo yamenikosesha raha wiki nzima. "Msingi wangu wote umo humu, Baba. Nitapima tasi wa sasa wa ghuba ileile ya kwenu, niwalinganishe na hawa wako. Utafiti wangu unasimama juu ya kazi yako. Twende wote basi, ukanioneshe mlipokuwa mnawapata."

Nikasema, "Safi." Nikatoka uani nikasimama karibu na pipa la maji, nisijue nimefuata nini.

Sasa nianze kwa mpangilio, maana wewe ni mtu wa mpangilio.

Unajua nilikuwa fundi wa maabara ya shule kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipostaafu, ndiyo habari za gesi zilikuwa zimeanza. Meli zilikuwa zinachimba baharini mbele ya kwetu, na kila mfanyabiashara aliyekuja kutoka Palma, mji wa ghuba yetu, alikuwa na hadithi mpya. Nikasikia wanatafutwa watu wanaojua Kiswahili, Kimwani cha pwani yetu na Kireno cha kuombea maji, tena wanaojua kushika chupa bila kuivunja. Nikaenda. Nilikuwa sijakanyaga kwetu tangu utoto.

Sijui nikuelezeje Palma ya mwaka ule. Kila mtu alikuwa anapima kitu. Kulikuwa na waliopima kina cha bahari, waliopima nyumba, waliohesabu minazi na mikorosho, waliohesabu hata makaburi, maana vijiji vya upande wa kusini wa ghuba vilikuwa vihamishwe kupisha mtambo wa gesi, na cha bibi yangu kikiwemo. Watu walisimama milangoni wakitazama kamba za kupimia zikivutwa katikati ya viwanja vyao. Mimi niliwekwa kwenye samaki.

Kazi yenyewe utaicheka, kwa sababu wewe unaifanya ukiwa umelala kwenye mkeka. Kwetu ilikuwa kubwa. Tulitakiwa kupata tasi wa ghuba yetu na tasi wa Mucojo, mbali kusini, ambako hakuna kilichotarajiwa kujengwa. Kila samaki anatiwa formalini, ile dawa ya kuhifadhi, mpaka akakamae, kisha anapigwa picha ya kushoto na ya kulia. Halafu kwenye kompyuta naweka alama kwa kipanya, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule: ncha ya mdomo, katikati ya jicho, mwanzo wa pezi la mgongo, ukingo wa kifuniko cha shavu juu, katikati na chini, kitako cha pezi la ubavuni, na kuendelea mpaka mkiani.

Aliyenifundisha ni Dona Alda, mwanabiolojia kutoka Maputo, umri wake ulikuwa kama wako na miaka michache juu. Alinieleza kwa subira. Programu inachukua upande mmoja inaugeuza kama unavyouona kwenye kioo, inaulaza juu ya mwenzake, inaondoa tofauti ya ukubwa, ya mahali na ya kuinama, kinachobaki ni umbo tupu. Ukichukua wastani wa pande mbili, unajua samaki huyu anatofautianaje na samaki mwingine. Ukichukua tofauti ya pande mbili, unajua samaki huyu anatofautianaje na yeye mwenyewe. Hilo la pili lilinishika. Nilikuwa na miaka zaidi ya hamsini na sikuwahi kufikiri kwamba kiumbe anaweza kupimwa dhidi ya nafsi yake.

Akaniambia pia la kuangalia. Kama huyu kazidi kushoto na yule kazidi kulia, bila mpango, inawezekana walisumbuliwa walipokuwa wanakua, kwa maji mabaya au chakula kibaya. Kama wote wamezidi upande mmoja, basi kuna kitu kimoja kimewavuta wote, na ukitafute kwanza kabla ya kusema lolote kuhusu maji. Wewe haya unayajua. Nayaandika ili uone kwamba na mimi niliyajua, siku ileile niliyotakiwa kuyajua.

Samaki wa ghuba nilipewa na Saide, mtoto wa mjomba wangu. Niliporudi alinitambua kwa masikio, akasema masikio ya ukoo hayajifichi. Alikuwa na ngalawa na mitego ya madema, na utani usiokwisha. Siku ya kwanza aliponikuta nimeweka tasi kwenye kitambaa alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Binamu, hawa unawatolea pasipoti?"

"Ni picha za projeto, huu mradi."

"Kushoto na kulia! Hivyo polisi wanawafanyia wezi. Tasi kaiba nini?"

"Kala majani ya watu huko baharini."

"Basi mhukumuni haraka. Wengine tuna njaa."

Siku ya kwanza samaki walikuja kwa barafu, kwenye sanduku, kama ilivyoagizwa. Siku ya pili gari lenye sanduku lilichukuliwa kwenda kupokea wageni uwanja wa ndege. Saide akaja na baiskeli, tasi wananing'inia kwenye usukani, mitungo miwili ya ukindu. Siku ya tatu vilevile. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nadhani sanduku lilirudi siku mbili hivi, kisha likapotea kabisa, lakini siwezi kukuapia.

Wewe umekulia mjini, samaki wako wanatoka kwenye beseni, kwa hiyo nikueleze mtungo wa tasi. Nilifundishwa na bibi kabla sijajua kusoma, na ni kazi ya kwanza mikono yangu iliyoiweza. Tasi ana miiba ya sumu mgongoni na tumboni. Unampapasa kutoka kichwani kwenda mkiani ili miiba ilale, unambana kwa mkono wa kushoto, kichwa juu, tumbo likikutazama wewe. Mkono wa kulia unapitisha ukindu. Ukimshika hivyo, shavu lililo upande wa mkono wako wa kulia ni shavu lake la kushoto. Ukindu unaingia chini ya kifuniko cha shavu hilo na kutokea mdomoni. Hakuna anayepitisha upande wa pili, kwa sababu itabidi ugeuze mkono na mwiba utakupata. Hata mwenye kutumia shoto huko kwetu anafundishwa hivyo. Chini unafunga fundo, na wote wanaegemea aliye chini kabisa. Wa juu anavutwa kidogo. Wa chini anawabeba wenzake mpaka nyumbani, na barabara ile ilikuwa na mashimo.

Umeshaelewa. Naona uso wako unavyokunjamana hapo unaposoma.

Samaki waliokufa wakining'inia kwa shavu la kushoto, mimi niliwatumbukiza kwenye formalini wakakakamaa hivyohivyo. Kisha nikawapima kwa uangalifu mkubwa. Kila picha niliiwekea alama mara mbili, siku tofauti, bila kutazama za kwanza, na alama zangu zilikubaliana mpaka Dona Alda akanisifu mkono mbele ya wenzangu. Nilifurahi sana. Ilinichukua miaka kuona kwamba kuirudia picha kulikuwa kunaupima mkono wangu tu. Mtungo ulikuwa umeshapita kabla ya picha. Ningeweza kurudia mara mia, ningekubaliana na kosa lilelile mara mia.

Kwenye fomu palikuwa na swali moja la namna samaki walivyosafirishwa. Siku ya kwanza niliandika "gelo", barafu, na ilikuwa kweli. Siku ya pili nikaandika "gelo" kwa sababu mstari wa juu ulisema "gelo". Hapa nilipo sasa najaribu kukumbuka kama nilijua nasema uongo, na sipati jibu. Mtungo haukuwa kitu cha kuandika. Ilikuwa kama mtu akuulize ulifikaje dukani nawe uandike kwamba ulipumua. Samaki huja kwenye mtungo. Nani anaandika hilo?

Lakini siku Dona Alda aliponiita, hapo nilijua. Hili nalikumbuka neno kwa neno, japo tulisema Kireno.

"Papá Amade, njoo. Tazama tasi wa ghuba. Karibu wote wamefunguka shavu la kushoto, tena kwa kiasi tofauti tofauti. Wa Mucojo hawana kitu. Waliletwaje hawa?"

"Kwa barafu."

"Wote?"

"Fomu inasema hivyo."

"Siulizi fomu. Nakuuliza wewe."

"Kwa barafu, Dona Alda."

Akageukia kompyuta. Aliuliza swali sahihi, akamwuliza mtu sahihi, na ndiyo maana simlaumu kwa lolote lililofuata.

Kwa nini nilisema hivyo? Nimekaa na swali hili miaka kumi na miwili na majibu yangu hayakai pamoja. Jibu moja ni woga, maana jina langu lilikuwa chini ya kila fomu. Jibu lingine ni aibu. Nilikuwa nimevaa koti jeupe kati ya vijana wenye digrii, na sikutaka kuwaambia kwamba samaki wa sayansi walikuja kwenye usukani wa baiskeli, wamefungwa kwa ukindu kama nilivyofanya nikiwa mtoto nisiye na suruali. Na jibu la tatu ndilo linalonichanganya zaidi: nilidhani nawasaidia kina Saide. Nilijiambia, ikiandikwa kwamba samaki wa ghuba hii wamepinda, watasema maji haya yanaumwa, yahurumiwe, msiyaguse. Niliwaza hivyo kwa dhati, au nilijitungia wazo hilo baadaye ili nipate usingizi. Sasa siwezi kuvitenganisha.

Ripoti ilipotoka ilifanya kinyume kabisa. Ilisema tasi wa ghuba, kabla hata jiwe la kwanza halijawekwa, tayari walikuwa na dalili za kusumbuliwa katika ukuaji, mashavu yamepinda, kwa hiyo mradi usije ukalaumiwa kwa hilo. Afisa mmoja alikuja kuisoma kijijini, chini ya turubai. Mama mmoja mwokota pweza akanyoosha mkono.

"Wamepinda wapi? Mimi nawala tangu nina meno, na sasa sina."

Watu wakacheka. Afisa akasema, "Kwa macho huwezi kuona, mama. Inaona kompyuta."

"Basi tuipikie nayo ile, ituambie na utamu."

Wakacheka tena, afisa naye akacheka. Saide alikuwa amekaa karibu yangu. Akaniinamia. "Binamu, simama useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba ni mtungo. Wewe unajua kutunga. Nimekuona."

Nilitazama viatu vyangu. Mkutano ulipoisha akanifuata mpaka kwenye gari, hana utani tena usoni.

"Samaki wangu hawajapinda. Nimewafunga mimi. Kwa nini unawaacha wasingiziwe?"

Nikamjibu, "Ni mambo ya kompyuta, Saide. Hutayaelewa."

Sauda, nimesema maneno mengi mabaya maishani, mengine nimemwambia mama yako, mengine nimekuambia wewe siku ulipokataa kusomea uuguzi. Hakuna linalofanana na hilo. Yeye ndiye aliyeelewa, tena kabla ya watu wote, na alikuwa amesimama mbele yangu mikono inanuka samaki. Alisema tu, "Haya, Bwana Mkubwa." Hakuniita binamu. Juma lililofuata mkataba wangu uliisha nikapanda gari nikarudi Mtwara.

Kilichofuata nimekisikia kwa vipande. Kijiji kilihamishwa, nadhani kingehamishwa hata kama tasi wangekuwa wamenyooka kama rula. Sitaki nijipe ukubwa nisiokuwa nao. Huenda ripoti ile haikusomwa na watu kumi. Lakini mfanyabiashara mmoja wa vitunguu aliniambia kwamba baadaye wavuvi walipokwenda kulalamika kuwa samaki wamebadilika, walijibiwa, "Samaki wenu walikuwa hivyo tangu mwanzo." Sikuuliza alisema nani. Nililijua neno hilo lilikotoka. Kisha vita vingine vikaja, na watu wakatawanyika. Kuhusu Saide, watu watatu wameniambia mambo matatu: mmoja alimwona huko Nhica do Rovuma analima, mwingine alisema amefia Pemba, ile ya kwetu, kwa dada yake, wa tatu anadai amesharudi pwani anavua. Nimechagua kuamini la tatu, lakini sina sababu.

Sasa wewe. Jambo lililonifanya niandike ni hili.

Utakwenda na sanduku zuri la barafu, kwa sababu wewe ni mwangalifu. Utapata tasi wanyoofu. Utawalinganisha na wangu waliovutwa shavu. Programu haitakuficha kitu, itakuambia ukweli wa picha ulizoipa, kwamba wa zamani wamepinda na wa sasa wamenyooka. Nawe utaandika, kwa jina lako, kwamba maji ya ghuba ile yamepona tangu gesi ilipogunduliwa. Mtu atalichukua neno hilo alipeleke mahali. Na wavuvi wa sasa wakija kulalamika watajibiwa na wewe, mwanangu, kama walivyojibiwa na mimi. Labda maji yamepona kweli. Labda yameharibika. Sijui, na kwa picha zangu hakuna anayeweza kujua.

Nimefikiri namna ya kuziokoa. Uzipime, ukubali au ukatae. Alama ya nne, ya tano na ya sita, zile za kifuniko cha shavu, usiziamini kabisa, na ya kwanza ya mdomo uitilie shaka kwa sababu ukindu ulitokea hapo. Za mapezi na za mkiani nadhani hazikuguswa, ingawa samaki wakiwa kwenye formalini niliwabana kwa kifuniko mimi mwenyewe, na ubavu gani ulikuwa chini sikuandika. Halafu fanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwaka ule. Chukua samaki wa uvuvi mmoja, siku moja. Nusu uwaweke kwenye barafu. Nusu uwatunge, uwatundike kwenye baiskeli, waendeshwe barabara yenye mashimo. Wapige picha wote. Tofauti ya makundi hayo mawili ndiyo mtungo wangu, na ukishajua unavuta kiasi gani, huenda ukaweza kuuondoa kwenye hesabu. Huenda. Wa juu na wa chini hawakuvutwa sawa, na sikuandika nani alikuwa wapi. Inawezekana mwisho wa yote utasema picha za zamani hazifai, ukaanza upya bila msingi. Najua maana yake ni muda, na pengine ni kichwa kingine cha utafiti. Samahani.

Kuhusu kutunga, usijaribu mwenyewe kwa mara ya kwanza na tasi mzima. Mwiba wake unauma mpaka kwapani. Mtafute mtu wa pale akuoneshe. Ukimpata Saide, mwambie wewe ni nani kabla ya kumwambia unataka nini, na akikataa kusema nawe, mwache. Asipokataa, mwambie maneno haya kama yalivyo: alikuwa sahihi, nilimwelewa siku ileile, na mtu asiyeelewa alikuwa mimi na koti langu. Usiyapambe.

Ndani ya bahasha kuna ukurasa mwingine, nimeuandika Kireno. Unaeleza fomu zipi nilizijaza kwa uongo, kwa kadiri ninavyokumbuka, na una sahihi yangu na jina langu kamili. Uwape walimu wako siku ya kwanza, kabla hujafungua picha hata moja mbele yao. Nilifikiria kukuachia uamuzi, kisha nikaona huko ni kukuachia mzigo wangu na kuuita heshima. Kwa hiyo sikuachii. Wape. Wataniona mzee mwongo na watakuwa sawa. Dona Alda sijui yuko wapi siku hizi. Kama chuo wanamjua, naye apate nakala, maana nina hakika amewahi kujilaumu kwa jambo ambalo lilikuwa langu.

Hutakubaliana nami kwa kila kitu. Utasema nilikuwa na umri mkubwa, kazi ngeni, gari halikuja. Nimejisemea yote hayo, na yote ni kweli, na hayapunguzi kitu. Nilichokipata, kama nimepata kitu, ni kidogo sana: jambo ambalo kwako ni la kawaida mpaka huoni haja ya kulitaja, hilo ndilo ulitaje kwanza, na ulitaje mapema, kabla mtu hajakuuliza. Ukishaulizwa, ulimi unakuwa na sababu nyingi.

Mama yako ananiita nije nifunge begi lako, zipu imekataa. Nimalizie kwenye ombi lako.

Uliniuliza tena jana, na leo asubuhi, kama nimeshaamua kuvuka nawe. Nimefikiria sana, zaidi ya unavyodhani. Mwanzoni nilijiambia ni magoti. Halafu nikajiambia ni usalama, kisha kwamba kijiji chenyewe hakipo. Yote hayo yangevumilika. Tatizo ni wewe. Nikiwa nimekaa pembeni yako mbele ya walimu wako, au kwenye mkeka wa Saide, utaanza kuchagua maneno. Utasema Baba hakukusudia, utasema ilikuwa zamani, utanilinda, kwa sababu una moyo huo na mimi ndiye niliyeufurahia siku zote. Na kosa litapata mahali pa kujificha kwa mara nyingine, safari hii nyuma ya mtoto wangu.

Vuka na mwenzako wa safari, upeleke karatasi, useme lilivyo. Nimeshamwambia mama yako, amelia kidogo, amekubali. Mimi nabaki hapa. Sitarudi kwetu.

Baba yako,
Amade